Wanakubali kwenda kliniki ya methadoni, siku ikifika hawaonekani: tuongee nao vipi?

Dada_Temeke

Wakuu, habari za kazi.

Naomba msaada wa wale wanaofanya kazi ya kuwafikia waraibu wa heroini mitaani. Timu yetu inazunguka maskani, yaani vijiwe vyao, asubuhi na jioni. Tunatoa elimu: madhara ya unga, hatari ya kuchangia sindano, VVU, homa ya ini, na kwamba methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, inatolewa bure kwenye kliniki za serikali. Watu wanasikiliza kwa adabu, wanaitikia "sawa dada, nimekuelewa", wengine wanatoa majina yaandikwe. Siku ya kukutana ili tuwapeleke kliniki, hatuoni mtu. Na kati ya wachache wanaofika na kuanza dozi, wapo wanaokatiza ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Tunasikia kuhusu mazungumzo ya kuamsha ari (motivational interviewing), ile njia ambayo mwanasaikolojia William Miller aliiandika mwaka 1983 akianzia na watu wenye tatizo la pombe. Vitini vyake vingi ni vya Kiingereza, na mifano ni ya mtu aliyetulia kwenye kiti ofisini na saa nzima mbele yake. Sisi tuna dakika 10 pembeni ya ukuta, na mwenzako anageuka kila mara asije akapitwa na kete yake ya unga.

Kwa Kiswahili inafanyikaje hasa, kwa maneno gani? Dakika 10 zinatosha? Na kinachotuangusha ni nini?

Mnasihi_Tanga

Dada, anzia kwenye sentensi yako mwenyewe: "tunatoa elimu". Mtu aliyetumia unga miaka minane hajapungukiwa na elimu ya madhara, kwa sababu madhara anayo mwilini. Anachobeba ni nafsi mbili. Moja imechoka na inataka kutoka, nyingine inaogopa arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, na haijui itaishije bila kete. Ukija ukasimama upande wa kutoka na kuupigania kwa nguvu zako zote, umemwachia upande mmoja tu wa kusimama, nao ni ule wa kubaki. Atautetea kwa mdomo wake, na mtu huamini zaidi anachojisikia akikisema. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanywaji pombe: kadiri mshauri alivyozidi kumkabili mteja kwenye kikao, ndivyo mteja alivyokuwa anakunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Hata jina la kazi yetu linatuvuta huko. Mnasihi ni mtoa nasaha, na kwetu nasaha ni mali ya mkubwa kwa mdogo, inapokelewa kwa kuinamisha kichwa na kusema "sawa". Ukimpa mtu nasaha atakupa heshima yake, na wewe utaiandika kwenye daftari ukidhani ni uamuzi.

Sasa vitendo.

Kwanza wakati. Arosto ya heroini huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho na hukolea siku ya pili au ya tatu. Mtu aliye ndani ya arosto hasikii kitu isipokuwa pale itakapotoka kete nyingine. Aliyetoka kutumia sasa hivi anasinzia, ataitikia kila kitu na asikumbuke hata kimoja. Muda wenu ni ule wa katikati: ameshatumia, usingizi umeisha, mwili umetulia, na bado hajaanza kuhangaikia kete ijayo. Kila maskani ina saa yake. Tumieni wiki moja kuichunguza kabla ya kulaumu mazungumzo.

Pili ruhusa. Salimia kwa kadiri ya umri, shikamoo kwa anayestahili shikamoo hata kama amelala juu ya boksi. Sema una dakika chache, uliza kama unaweza kukaa. Na neno "teja" libaki kwao. Wao kuitana hivyo ni jambo moja, wewe kuwaita ni jingine.

Tatu, sikiliza kisha rudisha. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi tunaposhindwa. Tazama mazungumzo haya mawili ya mtu yuleyule. La kwanza:

— Kaka, hii kitu itakuua. Kliniki ni bure, kwa nini huji?
— Nitakuja dada.
— Lini?
— Wiki ijayo, Mungu akipenda.

La pili:

— Kaka, siku yako inakwendaje tangu unapoamka?
— Kama kawaida. Kutafuta hela, kupata kete, kulala. Kesho tena.
— Kila siku unaanzia sifuri.
— Eeh. Na hela yenyewe siku hizi haionekani. Zamani nilikuwa napiga kazi gereji.
— Mikono ina ufundi.
— Injini naishusha nimefumba macho. Ila nani ataniachia gari lake akiniona hivi?
— Unatamani watu wakuamini tena na magari yao.
— Natamani. Sasa hiyo methadoni nayo nasikia inakula mifupa.
— Unahofia utoke shimo hili uingie jingine.
— Ndiyo hivyo, dada.
— Hilo la mifupa nina ninachokijua. Nikwambie, halafu useme wewe unalionaje?

Hesabu: mwelimishaji ameuliza swali moja mwanzoni na kuomba ruhusa mwishoni. Vilivyobaki ni kauli, na kila kauli imesogea hatua moja mbele ya alichosema mtu, badala ya kukariri maneno yake. "Kila siku unaanzia sifuri" hakuisema yeye, ila ndiyo maana yake. Ukikosea atakurekebisha, na kule kukurekebisha nako ni kuzungumza. Wala hakubishana kuhusu mifupa. Aliichukua hofu kwanza, akaomba ruhusa ndipo atoe habari: methadoni haili mifupa. Maumivu yale ya mifupa ni dalili ya arosto, na humpata mtu ambaye dozi yake bado ndogo au ameruka siku. Akishamaliza kusema anarudi kwake: "Hapo unaonaje?" Uliza, toa kidogo, uliza tena. Habari ya sentensi mbili iliyoombwa inakaa kuliko hotuba ya dakika 10.

Nne, na hili ndilo jibu la wale wasiotokea siku ya kukutana: sikiliza viambishi. Kiswahili kimetupa kipimo ambacho vitini vya Kiingereza havina. Mtu akisema "ningepata msaada ningeacha", "natamani", "mama amezeeka", "hali hii siyo", hizo ni kuni. Bado hazijawaka. Akisema "nitakuja Jumatatu asubuhi, nipitie hapa kwa fundi baiskeli", kuna moshi. Akisema "nimeshamwambia dada yangu" au "jana nilivuta mbili badala ya nne", moto upo. Kutoka -nge- kwenda -ta- yenye siku na mahali, kisha -mesha- au -li-. Nadhani majina mengi kwenye daftari lenu yaliandikwa mtu akiwa bado kwenye -nge-, ndiyo maana siku ya kukutana hapana mtu. Ukisikia -nge-, usitoe kalamu. Sema: "Ungeacha, kitu gani kingekuwa cha kwanza kubadilika?" Mwache apange mwenyewe. Ukisikia -mesha-, acha kabisa kuchochea, ni wakati wa kupanga nauli na saa.

Vidole husaidia kwa asiyependa maneno mengi. "Nionyeshe kwa vidole vya mikono miwili, hamu yako ya kutoka leo iko vingapi?" Akionyesha vinne, uliza: "Nini kimekufanya uonyeshe vinne, badala ya kimoja?" Atajibu kwa sababu zake za kutoka. Ukiuliza kinyume, "mbona si tisa?", atakupa orodha ya vikwazo na mtaishia hapo. Akikunja ngumi kuonyesha hakuna, usimbishie. Uliza ingetokea nini ndipo afike kimoja, mshukuru kwa ukweli, mpe sindano safi kama anajidunga, na urudi siku nyingine. Huyo hujampoteza.

Kuhusu dakika 10: zinatosha kwa hatua moja, hazitoshi kwa safari. Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa wa wanywaji, Project MATCH, matokeo yake yakatoka 1997. Kundi moja lilipewa vikao 4 vilivyojengwa juu ya mazungumzo haya, makundi mengine mawili vikao 12 vya njia nyingine, na matokeo yakakaribiana sana. Lakini wale walikuwa wamekwisha kuja wenyewe kutafuta tiba. Wa maskani yuko nyuma ya hapo, kwa hiyo pangeni kukutana na mtu mmoja mara nne au tano kwa dakika 10, kwa mwelimishaji yuleyule. Kubadilisha sura kila wiki kunarudisha kila kitu mwanzo.

Bi_Kisauni

Salama dada, na shukrani kwa ndugu wa Tanga. Mimi niko huku Mombasa. Nitaongeza mambo ya ulimi, maana humo ndimo wanafunzi wetu huangukia.

Kauli ya kurudisha na swali la ndiyo-au-siyo kwa Kiswahili zimeandikwa sawa, tofauti ni sauti tu. "Umechoka." Ukishusha sauti mwishoni, mtu anahisi ameeleweka na anaendelea. "Umechoka?" Ukipandisha, amejibu "eeh" na amenyamaza, sasa zamu ni yako tena. Vijana wengi hudhani wanarudisha kumbe wanahoji mara ishirini. Jizoezeni kushusha sauti, kisha nyamazeni mpaka mhesabu tano kimoyomoyo. Kimya hicho kinauma mwanzoni. Kivumilieni, maana neno zito la mtu mara nyingi hutoka baada yake.

"Kwa nini" na "mbona" ziacheni nyumbani. Kwetu hayo ni maneno ya mzazi aliyekukamata. Uliza "ilikuwaje", "nini kilikufanya", "ilianza vipi".

"Lakini" pia ina kazi yake mbaya. Ukisema "unga unakupumzisha kichwa lakini unakukosesha mwanao", umefuta nusu ya kwanza, naye atairudia kuitetea. Sema "unga unakupumzisha kichwa, na vilevile unamkosa mwanao". Weka upande wa kutoka mwisho, kwa sababu mtu hujibu alichokisikia mwisho.

Halafu kuna adabu zetu za pwani. "Inshallah", "nitajitahidi", "nitaangalia", "Mungu akijaalia" zinaweza kuwa nia ya kweli na zinaweza kuwa njia ya upole ya kukuaga usione haya. Usimkatalie mtu inshallah yake, hilo litakuvunjia kila kitu. Ipokee, kisha iongezee miguu: "Inshallah. Na tukijaaliwa kufika kesho, utatokea wapi, saa ngapi, na kitu gani kinaweza kukuzuia?" Anayekuaga atayumba hapo. Mwenye nia atakuambia tatizo lake ni nauli, au kwamba mwenziwe wa maskani atamcheka, na sasa mna kitu cha kushika.

Jamaa nao. Mama anamleta mwanawe na kusema, "Mwambie huyu aache." Ukimwambia, umekuwa mdomo wa mama. Msikilize mama peke yake dakika chache, machozi yake yana haki ya kusikilizwa. Kisha kaa na kijana peke yake, na neno la kwanza liwe kwamba utakayoyasikia hayarudi kwa mama bila ruhusa yake. Kijana akikubali, waite pamoja na umpe mama kazi inayoonekana: kumwamsha asubuhi, kumshikia nauli, kumsindikiza wiki ya kwanza. Kazi ya kumhesabia makosa ipumzike.

Wanawake msiwafuate maskani mbele ya wanaume. Mara nyingi anayempa kete ni huyo aliyekaa ubavuni pake, hawezi kukuambia lolote la kweli pale. Tafuteni mwelimishaji mwanamke na mahali pengine. Na akiwa mjamzito, asiambiwe akate unga ghafla. Kukata ghafla kunaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati, methadoni ndiyo njia iliyo salama zaidi kwake. Wengi hawalijui hilo, wanaikwepa kliniki kwa kuogopa kusemwa.

Neno la mwisho kwa wanaofanya haya mangweni na kwenye chang'aa, au gongo kama mnavyoiita. Ari ikiwaka pale, usimsifu mtu kwa kuahidi "leo ndiyo mwisho". Mnywaji mzito wa kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, na hata kufa. Hatua yake ya kwanza ni kuonana na daktari.

Muuguzi_wa_Dirishani

Mimi naongezea upande wa kliniki, kwa sababu swali lilikuwa pia la wanaopotea wiki mbili za mwanzo. Na nitapingana kidogo na Mnasihi: wengi wa hao hawakukosa ari. Walikuwa nayo, sisi tukaizima.

Waambieni haya kabla hawajafika. Dozi ya siku ya kwanza kwa kawaida ni miligramu 20 hadi 30. Ni ndogo kwa makusudi, kwa sababu methadoni hujilimbikiza mwilini siku hadi siku, na ukianza na nyingi mtu anaweza kuacha kupumua siku ya tatu akiwa usingizini. Kila kiwango kinahitaji kama siku 5 kutulia mwilini. Wengi hupata nafuu ya kudumu kati ya miligramu 60 na 120, na kupanda hadi huko huchukua wiki kadhaa. Maana yake, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu arosto itarudi kabla ya kucha. Asiyeambiwa hivyo anasema "dawa yao haifanyi kazi" au "wananipunja", anarudi kwenye kete, na anaona aibu kuja tena. Aliyeambiwa anakuja asubuhi na kusema, "Kweli, ilinikamata saa kumi usiku." Huyo tunampandishia dozi, na tunakaa naye.

Ambieni pia asichanganye na pombe wala valiamu. Mtu anayehangaika usiku ndiye anayekunywa vidonge vya usingizi, na mchanganyiko huo ndio unaozima pumzi. Kama anatumia dawa za kifua kikuu aseme mapema: rifampisini inaishusha methadoni mwilini, na atajisikia yuko kwenye arosto hata kwa dozi iliyokuwa ikimtosha. Daktari anajua la kufanya akijulishwa.

Kuruka siku. Aliyekosa siku 3 mfululizo hapewi dozi yake ya zamani mpaka aonwe na daktari, huwa inapunguzwa. Akipitisha siku 5 au zaidi mara nyingi anaanza upya. Si adhabu: mwili umeshapoteza uzoefu, na dozi iliyokuwa ikimtuliza Jumatatu inaweza kumuua Jumatatu inayofuata. Hatari hiyohiyo iko kwa unga, kwa anayetoka gerezani au sober house (nyumba ya kuachia uraibu). Akirudia kiasi alichokuwa akitumia kabla hajaingia, ndipo watu wanapokufa.

Sasa dirishani, pale tunapotolea dozi. Mtu amepotea siku 4, amejikaza, amerudi. Tunamwambiaje? "Ulikuwa wapi?" Maneno mawili, na ari ya mwezi mzima imekwisha. Ajibu nini mbele ya foleni? Mkituletea mtu aliyerudi, na sisi tukijirekebisha, neno liwe: "Karibu tena. Nini kimekuwezesha kuja leo?" Swali hilo linamfanya aeleze nguvu yake. Mkojo wake ukionyesha bado kuna heroini, ni hivyohivyo: "Wiki iliyopita ilikuwa kila siku, sasa ni siku mbili. Hizo siku nyingine ulipitaje?"

La mwisho, na hili naomba lisimezwe na uzuri wa mazungumzo. Methadoni inanywewa mbele yetu, kila siku, na Jumapili imo. Kibarua anayechukuliwa saa kumi na mbili asubuhi kwenda kubeba zege, na kliniki inafunguliwa baada ya hapo, ana ari na hana njia. Anayehitaji mabasi mawili kwenda na mawili kurudi ni hivyohivyo. Mtu akikwambia "nauli", usimrudishie maneno ya kina eti ana nafsi mbili. Ana tatizo la nauli. Kaeni naye mhesabu: ni kiasi gani kwa siku, nani anaweza kusaidia wiki ya kwanza, kuna jirani gani anayekwenda kliniki hiyohiyo. Na aliyesema "twende" apelekwe kesho yake. Kila siku mnayomsubirisha mpaka "kundi litimie", arosto inampigia kura ya kubaki.

Mnasihi_Tanga

Muuguzi umesema kweli na nakubali. Kuchochea mtu aliyekwisha amua ni kumrudisha nyuma, maana unamfanya ayapime upya yale aliyoyamaliza.

Dada_Temeke

Asanteni sana, nimeyanakili yote. Hilo la viambishi nimelipitia kwenye daftari letu, ni kama lilivyosemwa.

Mawili yamebaki. Mtu akiwaka kwa hasira? Kuna wanaosema: "Nyie mnakula hela za wafadhili kwa migongo yetu, kila mwezi mnaandika majina." Na timu nzima nitaifundishaje haya bila mkufunzi wa kudumu?

Mkufunzi_Unasihi

Dada, la kwanza. Tenganisha vitu viwili. "Siwezi kuacha, nimeshajaribu" ni maneno ya kubaki, yanahusu unga. "Mnatula" ni mvutano, unahusu wewe na yeye. Kwenye mvutano hakuna la kuchochea, kuna uhusiano wa kutengeneza kwanza. Usijitetee, usieleze bajeti ya mradi. "Umeandikwa mara nyingi na hujaona faida yake." Shusha sauti, nyamaza. Kama ni kweli mlimwandika na hamkurudi, ombeni radhi kwa sentensi moja isiyo na "lakini". Kisha rudisha usukani: "Leo siandiki. Ungependa tuongee lipi, au nikuache upumzike?" Akisema umwache, mwache kweli. Atawaambia wenzake kwamba yule dada akiambiwa aondoke anaondoka, na hilo litakufungulia mlango kwa watu watatu wengine.

La pili. Semina ya siku mbili peke yake haitoshi, ujuzi wake huyeyuka ndani ya miezi michache watu wasiposikilizwa wakiwa kazini na kurekebishwa. Fanyeni hivi. Kila mwelimishaji mara moja kwa mwezi arekodi dakika 20 za mazungumzo kwenye kituo chenu cha kupumzikia, kwa ruhusa ya mteja, bila jina, na sauti ifutwe mkishaisikiliza. Maskani msirekodi kabisa. Mkikaa kusikiliza, mmoja ahesabu maswali, mwingine kauli za kurudisha. Kianzio kinachokubalika ni kauli moja kwa kila swali, anayeiva anafika mbili kwa moja. Katika hizo kauli, karibu nusu ziwe zimeongeza maana, zisiwe kukariri. Na pimeni nani anaongea: mwelimishaji akichukua zaidi ya nusu ya muda, imekuwa hotuba.

Chunguzeni pia sifa mnazotoa. "Safi sana, hongera" ni hukumu ya mwalimu, na kesho akianguka atajua hukumu nyingine inakuja. Kutambua jema ni kulitaja lenyewe: "Umekuja huku arosto imeshaanza." Hapo hujamhukumu, umeona.

Zoezi la kila Ijumaa, nusu saa. Wawili wawili. Mmoja azungumzie jambo lake dogo analotaka kubadilisha na bado hajabadilisha, kama kulala mapema au kupunguza sukari kwenye chai. Mwenzake haruhusiwi kuuliza swali mpaka awe amerudisha kauli tatu, wala haruhusiwi kushauri hata neno moja. Ile pupa ya kumnyoosha mtu itawapanda kooni, mtaiona. Atie maharage 10 mfuko wa kulia, na kila akiuliza ahamishie moja mfuko wa kushoto. Yakiisha kabla ya dakika 10, anarudia zoezi.

Maharage ni ya ofisini tu. Maskani mtu anayetia mkono mfukoni kila mara wanamchukulia kuwa askari.